Matusi Aliyoachiwa Violet

Violet alikuwa na miaka kumi na tisa alipoajiriwa kupika kwa masista, kwenye zahanati ya misheni nje kidogo ya Ubaruku, pale barabara inapoanza kuingia kwenye majaruba ya mpunga. Masista walikuwa watatu. Wawili walikuwa Wabena, wapole, wasiopandisha sauti hata moto ukizimika chungu kikiwa bado juu yake. Wa tatu alikuwa Sista Brida, mzungu kutoka Ayalandi, mkunga, mrefu kiasi cha kuinama kila alipoingia jikoni, na kila alipoinama alinuna kana kwamba aliyejenga mlango ule alimlenga yeye.

Sista Brida alijua Kiswahili vizuri. Aliweza kukaa na mama mwenye uchungu kuanzia asubuhi hadi mtoto atoke, akimbembeleza kwa Kiswahili na maneno machache ya Kisangu. Kiingereza alikitumia kwa wageni. Lakini akikasirika hakutumia hata kimojawapo. Alitoa neno moja la lugha ya kwao, akalisema kwa utulivu, kisha akaendelea na kazi. Wale masista wawili walidhani anasali.

Violet hakudhani hivyo. Jikoni mtu husikia mengi, na yeye alikuwa na tabia ya kuangalia nani ameambiwa nini. Dereva aliposahau dumu la dizeli Igawa na gari likazimika njiani na mgonjwa ndani, aliambiwa *amadoni*. Nesi Esta, binti mchangamfu aliyepima homa akakiacha kipimo ndani ya kopo la sukari, aliambiwa *gligini*. Mfagiaji aliyevaa shati limefungwa kifungo kimoja, tena cha tundu lisilo lake, aliitwa *lebide*. Na kulikuwa na kuku mmoja wa misheni aliyeng'ang'ania kuatamia mawe. Huyo kila siku aliambiwa *onshaki*, hivyo Violet akajua onshaki ni kuku.

Siku moja alikuja mchuuzi wa dawa kutoka mjini. Aliwasifia masista, akasifia bustani, akasifia na mchuzi wa Violet hadi Violet akaona aibu. Alipoondoka, ilionekana nusu ya maboksi aliyoyaacha yamepitwa na muda. Sista Brida alisimama mlangoni akiliangalia vumbi la gari lake, akasema, "Shilivini." Hilo lilimkaa Violet kuliko yote. Hakuuliza maana. Alikuwa amemwona mtu mwenyewe.

Alipika pale miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo aliolewa na Masunga, Msukuma aliyefika Usangu na ng'ombe wa baba yake, akamzaa Pendo kwenye zahanati ileile, mikononi mwa Sista Brida. Mwaka serikali ilipowaondoa wafugaji kwenye bonde la Usangu, Masunga alihamia kusini na mifugo, akasema atatuma watu wamchukue mkewe. Hakutuma. Violet hakumfuata, alikodi jaruba akalima mpunga. Mwaka 2012 magoti ya Sista Brida yaligoma kabisa, akarudishwa kwao. Alipiga simu kila Krismasi kwa miaka mingi, akimwita kama zamani, "Vayoleti." Kisha Krismasi moja hakupiga, na iliyofuata hakupiga, na Violet akachukulia kwamba amesahauliwa. Hakulaumu. Watu husahau.

Maneno yalibaki kwake. Aliyatumia peke yake shambani, kwa ndege, kwa jembe lililovunjika mpini, kwa jirani aliyeziba mfereji wa maji, akishampa mgongo. Hakuna aliyejua, na kwa hiyo hakuna aliyegombana naye. Alihesabika mwanamke mpole.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati mashine zote za kukoboa Ubaruku zinanguruma kutwa nzima, alipopeleka magunia yake kumi na moja kwa Mzee Kalinga. Kalinga alikuwa na mashine nzuri isiyotoa chenga nyingi, na watu walipanga foleni kwake tangu alfajiri. Violet alikuwa wa tatu. Zamu yake ilipofika, Kalinga alitoka na kitambaa akijifuta unga wa pumba usoni.

"Mama yangu, pole sana," alisema. "Mkanda umekatika. Fundi nimemwita kutoka Igawa, leo hafiki. Nenda kapumzike nyumbani. Nikikuona umesimama hapa juani roho inaniuma kabisa."

Alimsindikiza hatua kadhaa, akamuulizia Pendo, akasifu jinsi alivyomlea peke yake. Violet alishukuru. Alikuwa amefika kwenye kona, kwenye lundo la pumba, aliposikia mashine ikiwashwa nyuma yake. Alirudi. Lori la shemeji yake Kalinga lilikuwa limeingizwa kwa mlango wa nyuma, na magunia yalikuwa yanashushwa moja kwa moja kwenye mashine.

Watu waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao walimgeukia, wakimsubiri apige kelele. Hakupiga. Alimwangalia Kalinga, akasema taratibu, "Kalinga, wewe ni shilivini."

"Unasemaje?"

"Umesikia."

Akaenda zake. Magunia aliyahamishia mashine nyingine kesho yake.

Angemwita mwongo, Kalinga angejibu na mambo yangeishia pale. Lakini neno lile lilikuwa geni, na lilikuwa tamu mdomoni. Wapakiaji walilichukua siku hiyohiyo. Baada ya siku tatu vijana wa bodaboda walilifikisha Igawa, kwa wauza vitunguu wa barabarani. Mtu akitoka Rujewa kuja kukoboa aliuliza, "Kwa Shilivini ni wapi?" na akaonyeshwa. Kalinga aliwauliza watu maana. Mmoja alimwambia ni ugonjwa wa nguruwe. Mwingine alimwambia ni sehemu ya mwili ambayo hawezi kuitaja mbele ya mtu mzima. Alikosa usingizi, akaanza kuwaona watu wawili wanaoongea mbali kama wanamwongelea yeye. Wiki ya pili alivaa koti, akaenda kwa mtendaji wa kata kushtaki kwamba ametukanwa matusi makubwa hadharani.

Mtendaji aliitwa Shamsudin. Alizaliwa Iringa mjini, kwenye familia ya wafanyabiashara ambao babu yao alitoka pwani, na alikipenda Kiswahili kilichonyooka na mwandiko mzuri. Daftari lake la mashauri lilikuwa safi kuliko la kata yoyote wilayani, na alikusudia libaki hivyo. Aliwaita wote wawili, akawasikiliza, akaandika tarehe, akaandika majina, kisha kalamu ikasimama.

"Siwezi kuandika tusi ambalo sijui kama ni tusi," alisema. "Hili neno la lugha gani?"

Kalinga alisema ni Kisukuma, kwa kuwa Violet aliolewa huko. Aliitwa Shija, mfugaji wa Kisukuma mwenye duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara. Shija alisikiliza, akaliomba lirudiwe.

"Kwetu halipo," alisema. "Lingekuwepo ningeshalitumia."

Mnyakyusa aliyekuwepo alisema kwao halipo. Wasangu walikuwa wengi, nao wakalikataa. Mtu mmoja akasema Sista alikuwa mzungu na Violet alikaa naye sana, huenda ni Kiingereza. Akaitwa Mwalimu Nusrat wa sekondari. Alikuja na chaki vidoleni, akalifikiria neno lile akiwa amefumba macho.

"Si Kiingereza," alisema. "Au kama ni Kiingereza, mimi sijafundishwa."

Hapo ndipo Shamsudin alipomgeukia Violet. "Mama Pendo, wewe ndiye uliyelisema. Maana yake nini?"

"Ni neno la kwao Sista Brida," Violet alijibu.

"Sawa. Maana yake?"

Violet alitafuta. Aligundua kwamba hajawahi kuitafuta maana yake kwa maneno mengine. "Ni mtu kama yule mchuuzi wa dawa," alisema mwishoni, akasimulia habari ya mchuuzi, bustani, mchuzi na maboksi. Alisimulia vizuri, na watu waliojaa mlangoni walisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mchuuzi yuko wapi?" Shamsudin aliuliza.

"Nilisikia alikufa."

"Mnaona," alisema Kalinga. "Nafananishwa na maiti."

Shamsudin aliahirisha shauri. Alisema haitoshi mshtakiwa ajitafsirie mwenyewe. Apatikane mwenye lugha. Violet alimpigia Pendo, aliyekuwa anafanya kazi duka la dawa Iringa mjini. Pendo alitafuta kwenye simu yake namba ya Nora, mtoto wa kaka yake Sista Brida, ambaye zamani aliwahi kuwatumia picha. Nora alijibu siku hiyohiyo, akasema Jumamosi atakuwa na shangazi yake, wapige mchana. Pendo aliomba ruhusa kazini, akapanda basi Ijumaa hadi Igawa, akamalizia na bodaboda.

Jumamosi ile ofisi ilijaa. Pendo aliegemeza simu kwenye daftari la wakazi ili wote waone. Violet alikaa mbele, Kalinga pembeni yake na koti lake, Mwalimu Nusrat nyuma yao ili atafsiri Kiingereza. Kwenye kioo alitokea mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, na nyuma yake dirisha lenye mvua. Aliwasalimia, kisha akasema jambo kwa kirefu, na Nusrat akakawia kidogo kabla ya kulisema.

"Anasema shangazi yake yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kumbukumbu zimeondoka. Kiswahili kilitangulia kupotea, miaka mitatu iliyopita. Tangu mwaka jana hata Kiingereza hajui tena. Amebakiwa na lugha aliyoongea utotoni kijijini kwao, na wauguzi wengi wa pale hawaijui. Anasema samahani, huenda asiwatambue."

Nora aligeuza simu. Violet aliona uso mdogo kuliko aliokuwa akiukumbuka, na nywele nyeupe. Miaka kumi na sita hakuwahi kuziona nywele za Sista Brida, shela ilizifunika. Alihisi kama amechungulia mahali asipopaswa.

"Shikamoo Sista," alisema.

Macho yalipita juu yake kama yanavyopita ukutani.

"Ni mimi Vayoleti. Wa jikoni. Ubaruku."

Macho hayakurudi. Nora, asiyeonekana, alisema kitu. "Anasema jaribu lolote," Nusrat alitafsiri. "Wakati mwingine sauti inamwamsha."

Violet alimgeukia Shamsudin. "Mtendaji, kwa lugha yao mimi najua maneno machache tu."

"Si uyaseme."

"Ni ya aina ile ya kwenye kesi. Yote."

Shamsudin alimwangalia, akaangalia simu, akaweka kalamu mezani. "Sema. Siandiki."

"Amadoni," alisema Violet.

Uso uligeuka. Ulimtafuta, ukamkuta, na zile nyusi zikashuka vilevile kama zilivyoshuka kila alipopita mlango wa jikoni. "Onshaki," alisema bibi kizee, kwa sauti ya zahanati, kavu na kamili.

Violet alichanganyikiwa. "Ananiita kuku," alimwambia Pendo kwa sauti ya chini.

Lakini Nora alikuwa anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kimechanganyika na machozi. Alieleza, na Nusrat akatafsiri: amadoni ni mjinga mwanamume. Mjinga mwanamke ni onshaki. Shangazi hakukutukana, amekusahihisha, kwa sababu umemwita kwa neno la wanaume.

Watu mlangoni walicheka. Violet hakucheka, akili yake ilikuwa kwenye maneno. Alisema gligini, na Sista Brida akarudisha neno jipya ambalo Violet hakuwahi kulisikia. Alisema lebide, na akarudishiwa mawili. Walikwenda hivyo kwa muda, kama wanawake wawili wanaopokezana mchi kwenye kinu kimoja, na mkono wa bibi kizee ulikuwa umetoka chini ya blanketi ukigonga kitanda kila neno lilipotua. Nora alisema hajamsikia akiongea hivyo tangu Pasaka.

Mwisho Violet alisema, "Shilivini."

Sista Brida aliongea kwa kirefu, kwa hasira ya kweli, akimwelekezea kidole mtu aliyemwona yeye tu, mahali fulani kushoto kwa simu. Ikapita toka kwake kwenda kwa Nora, toka kwa Nora kwenda kwa Nusrat. "Anasema huyo ni baba yake mdogo. Aliuza ng'ombe mgonjwa kwa jirani siku ya gulio, na wakati anamkabidhi kamba mkononi anawasifia watoto wa jirani jinsi walivyokua. Yeye Sista alikuwa mtoto, alisimama palepale, aliona." Nusrat akasikiliza tena. "Na huyu Nora anaeleza: shilivini ni mtu mjanja, laini, anayekudhulumu huku anakutabasamia. Si tusi la kuchinjana. Ila si jina la kumwita mtu unayemheshimu."

Bibi kizee alikuwa amechoka. Macho yalikuwa yamerudi ukutani. Nora aliaga, na simu ikawa nyeusi.

Kalinga alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, bado anaiangalia simu. "Ana miaka mingapi sasa?" aliuliza.

"Tisini na moja," alisema Pendo.

"Huyu alimzalisha mke wangu, mtoto wetu wa pili. Mtoto alikuja na miguu mbele." Alijinyoosha. "Mkanda haukukatika siku ile. Shemeji alikuwa na safari ya Dar, gari linasubiri. Ningemwambia tu huyu mama kwamba nampisha shemeji."

"Mbona hukuniambia?" Violet aliuliza.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi." Kalinga alifungua vifungo vya koti. Kulikuwa na joto. "Mimi kilichonimaliza si hilo. Kuitwa mdanganyifu ningevumilia, hata mke wangu huniita. Ni kutembea na kitu mgongoni ambacho hata sijui ni nini."

Violet alifikiria jambo hilo. Hakuwa ameliona upande huo. Miaka yote aliona usalama wa maneno yale ni kwamba hayaeleweki. Hakuwahi kufikiri kwamba kwa anayeambiwa, huko kutoeleweka ndiko kubaya. "Kwa hilo nisamehe, Mzee Kalinga," alisema. "Ningekuambia kwa Kiswahili. Na mbele za watu wale nilikosea."

Shamsudin alichukua kalamu. Aliandika kwamba mlalamikaji ameitwa kwa neno la kigeni lenye maana ya mtu mwenye hila na maneno laini. Kwamba asili ya neno imethibitishwa na mwenye lugha. Kwamba mlalamikaji amekiri kuhusu mkanda. Kwamba wamepatana. Alisita kwenye tahajia. Akamuuliza Nusrat, Nusrat akamtumia ujumbe Nora, na jibu lilipokuja, *slíbhín*, Shamsudin aliliangalia kwa masikitiko, akaandika shilivini.

Jina halikumtoka Kalinga. Watu walikuwa wameshalizoea, na kesi ililipa nguvu zaidi. Tofauti ni kwamba sasa alijua anaitwa nani, na aliitika au hakuitika kutegemea anayemwita. Foleni yake ilinyooka kwa msimu ule, msimu uliofuata ikapinda kidogo. Violet aliendelea kukoboa kwenye ile mashine nyingine, si kwa kinyongo, ni karibu zaidi na kwake.

Pendo alimnunulia mama yake simu yenye kioo kikubwa, na kila Jumamosi ya pili Nora alipiga. Violet alikuwa amewaza kwamba si vizuri kuongea na mgonjwa kwa matusi matupu, akamwomba Nora, kupitia Nusrat, amfundishe salamu ya heshima ya kwao. Alijifunza wiki nzima, akiisema shambani. Jumamosi aliitoa bila kosa. Sista Brida alimwangalia kwa adabu, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekosea nyumba, akajibu salamu, ikaishia hapo. Violet alisubiri. Kisha akasema amadoni, makusudi, na bibi kizee akaamka kumsahihisha.

Waliendelea hivyo hadi Februari. Siku moja Nora aliandika badala ya kupiga: amefariki asubuhi, bila maumivu, na wikiendi watamzika kijijini alikozaliwa.

Padre wa Ubaruku alisoma misa. Kanisa lilijaa kuliko alivyotarajia, maana wengi waliozaliwa zahanati walikuwa sasa na watoto wao, na hata Shamsudin alikuja akasimama nje, karibu na mlango, kofia mkononi. Padre alimwomba Violet aseme machache. Alisimama mbele, hakuwa amezoea. Alisema Sista alikuja mwaka wa mafuriko, alijifunza kula ugali, alizalisha watoto ambao hakuna aliyewahesabu, na hakuwahi kumfukuza mgonjwa. Kisha akasema alikuwa anakaripia sana. Watu walicheka kidogo, wale waliokaripiwa.

"Alikuwa anaangalia mtu vizuri kabla hajamwita jina lolote," alisema Violet, akakaa.

Baada ya misa watu walitaka kukaa naye, lakini aliaga mapema. Miche yake ya mpunga ilikuwa imepitisha siku zake kitaluni, maji yalikuwa yamefunguliwa kwenye mfereji asubuhi ile, na vibarua walikuwa tayari wameingia kwenye tope wakimsubiri awaonyeshe pa kuanzia.